Gramu Moja Imekwenda Wapi? Kuitenga Namba Kamili na Desimali Yake katika Programu

Kipindi cha mazoezi ya kufundisha kilinikuta nikizungukia shule za msingi za uwanda wa juu wa Makonde, na siku moja nikawa nimeketi nyuma ya darasa la VI katika shule moja ya Kata ya Mnyambe, wilayani Newala, na fomu ya tathmini magotini. Mwanachuo niliyekwenda kumwona alikuwa na somo la vipimo vya uzito. Zana yake ilikuwa nzuri kuliko nyingi nilizoziona wiki ile. Hakuleta picha ya mizani. Alileta ubaoni uzito wa magunia matano ya korosho za shamba la shule, kama ulivyosomwa kwenye mizani ya kidijitali: kilo 78.4, 80.5, 62.7, 47.3 na 51.8. Kazi ya watoto ilikuwa kuandika kila uzito kwa kilo na gramu.

Wakati wa kusahihisha nilipita kati ya madawati. Mtoto mmoja wa kike alikuwa ameandika gunia la nne kuwa kilo 47 gramu 300. Jirani yake aliandika kilo 47 gramu 3. Wote wawili wakatiwa alama ya kosa. Katika karatasi ya majibu ya mwalimu palikuwa na kilo 47 gramu 299. Mtoto yule alitazama daftari lake kwa kitambo, kisha akanyoosha mkono na kuuliza: “Mwalimu, hiyo gramu moja imekwenda wapi?” Mwanachuo alimjibu kwamba majibu yametolewa na kompyuta, na somo likaendelea.

Baada ya kipindi nilimwita kando. “Mkufunzi,” aliniambia, “mimi mwenyewe niliona ni ajabu, lakini programu nimeiandika sawasawa.” Alikuwa na kompyuta mpakato yake, akanionyesha. Kwa hakika programu ilikuwa sawasawa kwa namna wengi wetu tunavyoifundisha: chukua namba, ondoa sehemu kamili, kinachobaki zidisha kwa 1000, kisha kata desimali zote. Ilikuwa imempa gramu 400, 500, 700, 299 na 799. Magunia matatu yalitoka salama, mawili yakapungukiwa gramu moja moja.

Makala haya yanakusudia kueleza kilichotokea ndani ya mashine ile, na jinsi mkufunzi wa somo la kompyuta awezavyo kulifundisha jambo hili ili mwanachuo asije akamtia mtoto kosa kwa jibu lililo sahihi. Gramu moja ya korosho si kitu. Lakini mtoto aliyekuwa amehesabu vema alirudi nyumbani akiamini kwamba hakujua, na hilo halipimwi kwa mizani.

Tuanze na jirani yake, aliyeandika gramu 3, maana kosa lake ni la zamani kuliko kompyuta. Mtoto huyu anaisoma nukta ya desimali kama ukuta unaotenganisha namba mbili kamili: kushoto 47, kulia 3. Ndivyo pia asemavyo kwamba saa 2.5 ni saa mbili na dakika tano, na kwamba 3.12 ni kubwa kuliko 3.4 kwa kuwa 12 ni kubwa kuliko 4. Tarakimu iliyo kulia ya nukta ina jina la mahali pake, na mahali pa kwanza ni sehemu za kumi. Tatu ile ni sehemu tatu za kumi za kilo. Ili iwe gramu hapana budi izidishwe kwa 1000, kama ambavyo nusu saa huzidishwa kwa 60 ili ziwe dakika 30. Sehemu ya desimali haisemi kitu mpaka ujue ni sehemu ya nini.

Nalitaja kosa hili kwa sababu programu nazo hulifanya. Wapo wanachuo wanaopokea uzito kama maandishi, wakaukata kwenye nukta, kushoto “47” na kulia “3”, kisha wakaifanya hiyo “3” kuwa gramu. Gunia la kilo 47.05 nalo huwapa “05”, yaani 5, wakati ni gramu 50. Mbinu ya kukata maandishi si mbaya. Ina kasoro hiyo moja tu, kwamba mtumiaji lazima ajaze sifuri upande wa kulia mpaka tarakimu zitimie tatu: “300”, “050”. Akifanya hivyo atapata jibu kamili kila mara. Ajabu ni kwamba njia hii inayoonekana ya kitoto ni salama kuliko ile ya mwanachuo wetu.

Sasa turudi kwa 299. Lugha nyingi za programu zina amri ya kuitenga namba vipande viwili. Pascal, iliyotangazwa na Niklaus Wirth mwaka 1970, ina trunc ya kukata desimali. Lugha ya C ina modf, na Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, iliirithi amri hiyo kwa jina lilelile. Ukiiandikia Python

math.modf(47.3)

itakujibu

(0.29999999999999716, 47.0)

Yafaa mwanachuo aonyeshwe mambo mawili katika jibu hili kabla ya kushangaa. Kwanza, kipande cha desimali kimetangulia, na namba kamili imefuata. Wengi huvibadilisha bila kujua. Pili, 47.0 ile bado ni namba ya desimali kwa mashine, haijageuka kuwa namba kamili, ingawa thamani yake ni kamili. Baada ya hayo ndipo tuulize: kwa nini si 0.3?

Hapa ndipo wakufunzi wengi husema, “Kompyuta haina usahihi kamili,” wakapita. Jibu hilo halimfundishi mtu kitu. Kompyuta ni sahihi mno. Tatizo ni kwamba haikupewa 0.3 hata siku moja.

Wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa pishi. Pishi moja ni visaga viwili, na kisaga kimoja ni vibaba viwili. Nusu kibaba nayo ilikuwapo. Kila kipimo ni nusu ya kile kilichokitangulia. Mtu mwenye vyombo hivyo tu anaweza kukupimia nusu ya pishi, robo yake, robo tatu, na thumni, yaani sehemu moja ya nane. Mwambie sasa akupimie ushuri wa pishi, yaani sehemu moja ya kumi. Atajaza nusu kibaba, aone imezidi. Atatengeneza chombo cha nusu ya hiyo, aone imepungua. Ataongeza chombo kidogo zaidi, na kingine, na kingine. Atakaribia sana. Hatafika. Kompyuta ni mpimaji huyo hasa. Vyombo vyake vyote ni vya mbili mbili: nusu, robo, thumni, sehemu ya 16, ya 32, na kuendelea. Sehemu yoyote ambayo asili yake, ikisharahisishwa, si 2 iliyozidishwa kwa 2 mara kadhaa, haiwezi kujazwa kwa vyombo hivyo.

Jambo hili lionyeshwe ubaoni kwa kuzidisha kwa mbili. Nalipenda zoezi hili kwa sababu lenyewe limejengwa juu ya kazi tunayoizungumzia: kila hatua tunaitenga namba, tunaandika sehemu kamili pembeni, na tunaendelea na desimali iliyobaki. Chukua 0.3. Mara mbili ni 0.6: andika 0, imebaki 0.6. Mara mbili ni 1.2: andika 1, imebaki 0.2. Kisha 0.4: andika 0. Kisha 0.8: andika 0. Kisha 1.6: andika 1, imebaki 0.6. Lakini 0.6 tulikwisha kuipita! Kuanzia hapo tarakimu 1001 zitajirudia bila mwisho, kama vile theluthi inavyoandikwa 0.333 na kuendelea katika hesabu yetu ya kumi kumi. Wanachuo wafanye wenyewe kwa 0.75, waone jinsi inavyokwisha katika hatua mbili. Kisha wafanye kwa 0.1. Baadaye waulizwe: katika senti 100 za shilingi, kuanzia 0.00 hadi 0.99, ni ngapi ambazo mashine inaweza kuziandika kamili? Ni nne tu: 0.00, 0.25, 0.50 na 0.75. Kwa mizani isomayo desimali moja, katika kila usomaji kumi unaowezekana ni miwili tu iliyo kamili, ule wa .0 na ule wa .5. Ndiyo maana gunia la 80.5 halikuwa na shida yoyote.

Bado halijajibiwa swali la mwanachuo mmoja mwerevu aliyeniuliza chuoni: “Mbona nikiandika 0.3 peke yake kompyuta inanirudishia 0.3, lakini 47.3 ikiondolewa 47 inatoa tarakimu za ajabu?” Swali hili ndilo kiini cha somo zima, na jibu lake limo katika jina la namba hizi: namba za nukta inayoelea.

Mnamo mwaka 1985 ulitolewa mwafaka wa kimataifa, uitwao IEEE 754, juu ya namna kompyuta zitakavyohifadhi namba za desimali. Katika umbo linalotumika zaidi, namba moja hupewa biti 64: moja kwa alama ya chanya au hasi, 11 kwa kipeo kinachosema nukta iko wapi, na 52 kwa tarakimu zenyewe. Kwa kuwa tarakimu ya kwanza huwa 1 daima na haina haja ya kuandikwa, kwa hakika tunapata tarakimu 53. Hebu mwanachuo afikirie ukurasa wa daftari la hesabu lenye vyumba 53 na hakuna zaidi. Sifuri za mwanzo hazichukui chumba, kwa sababu nukta inaelea na kipeo ndicho kinachokumbuka mahali pake. Lakini namba kamili ikiwapo, yenyewe huingia kwanza. Kwa hesabu ya mbili mbili, 47 ni 101111: vyumba sita vimekwisha. Desimali imeachiwa vyumba 47, ijibane humo. Ukiondoa 47 baadaye, vyumba sita vinakuwa wazi, lakini tarakimu zilizokwisha kukatwa hazirudi.

Vyumba 53 ni vingi mno kwa ubao. Mimi hutumia kumi. Tuandike 47.3 kwa vyumba kumi: sita vya 47, vinabaki vinne, navyo vinaweza kupima sehemu za 16 tu. Katika 0.3 mna sehemu za 16 zipatazo 4.8, basi kwa kuchukua iliyo karibu tunaandika 5, yaani 0.3125. Gunia letu sasa lina kilo 47.3125. Tukiondoa 47 na kuzidisha kwa 1000 tunapata gramu 312.5. Sasa tuandike 0.3 peke yake kwa vyumba vilevile kumi. Hapana namba kamili ya kuvichukua, na sifuri ya mwanzo haina chumba. Tunaweza kupima sehemu za 2048. Tunapata 614 kati ya hizo, yaani 0.2998, ambazo ni gramu 299.8. Kosa la kwanza ni gramu kumi na mbili na nusu. La pili halifiki hata robo ya gramu. Namba ni ileile, daftari ni lilelile. Tofauti imeletwa na kilo 47 zilizokaa mbele. Mwanachuo aliyelifanya zoezi hili kwa mkono wake hatasahau kwamba kadiri namba kamili inavyokuwa kubwa, ndivyo desimali yake inavyobanwa. Halihitaji umeme wala kompyuta, jambo ambalo kwa shule zetu nyingi si dogo.

Kwa vyumba 53 kosa la kuhifadhi ni dogo kupita kiasi, na kwa magunia mengine huenda upande wa juu. Gunia la 78.4 lilitoa 0.4000000000000057, na la 62.7 likatoa 0.7000000000000028. Mwanachuo wetu alipozidisha na kukata, yale yaliyozidi kidogo yalibaki 400 na 700. Yale yaliyopungua kidogo, 299.99999999999716 na mwenzake, yalipoteza gramu nzima. Hapa tuwe waangalifu katika kugawa lawama. Uhifadhi ulikosea kwa kiasi kisichoonekana. Ni kule kukata kulikoligeuza kosa hilo kuwa gramu. Tena, kukata hupunguza tu uzito wa gunia, hakuongezi kamwe. Makosa yanayokwenda huku na huku hufutana. Yanayokwenda upande mmoja hulundikana.

Soko la hisa la Vancouver, huko Kanada, lilijifunza hivyo kwa aibu. Mnamo Januari 1982 lilianzisha kipimo cha bei zake kikianza na 1000. Kila biashara ilipofanyika kipimo kilihesabiwa upya, nacho kikakatwa baada ya desimali tatu badala ya kukadiriwa kwa iliyo karibu. Kufikia Novemba 1983 kilikuwa kimeshuka hadi karibu 524, ilhali soko lenyewe halikuwa na msiba. Kilipohesabiwa upya kwa haki kilionekana kuwa karibu 1098. Nusu ya thamani ilikuwa imekatwakatwa, kipande baada ya kipande, na hapana mtu aliyeiba. Msiba wa kweli ulitokea tarehe 25 Februari 1991 huko Dhahran, Saudi Arabia. Mtambo wa Marekani wa kudungua makombora ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na ile sehemu ya kumi, ambayo kama tulivyoona haina mwisho katika hesabu ya mbili mbili, ilikuwa imekatwa katika biti 24. Baada ya saa 100 za kufanya kazi bila kuzimwa, saa ya mtambo ilikuwa imekosea kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Kombora halikudunguliwa, na askari 28 walikufa.

Tiba ya kwanza, basi, ni kukadiria badala ya kukata. Mwanachuo akiandika round mahali alipokuwa ameandika int, 299.99999999999716 itakuwa 300. Hii inatosha kwa mambo madogo, nami sikatazi. Lakini haifai kuwa mazoea, kwa kuwa mtu hujisahau mahali pamoja tu. Nimeona kamba ya mita 4.35 ikigeuzwa sentimita kwa kuzidisha na kukata, ikawa 434. Aliyeiandika programu hiyo alikuwa amekwisha kusoma habari za round, ila hakudhani kwamba kuzidisha tu, bila kuondoa kitu, kungeweza kumletea 434.99999999999994.

Tiba ninayoipendekeza ni kutoiruhusu desimali kuingia kabisa. Hesabu gramu, usihesabu kilo. Hesabu senti, usihesabu shilingi. Gunia ni gramu 47,300, namba kamili, na kompyuta huhifadhi namba kamili bila dosari yoyote. Ukitaka kilo, gawanya kwa 1000: jibu ni 47 na baki ni 300. Python inayo amri inayotoa vyote viwili kwa pamoja, divmod(47300, 1000), nayo hutanguliza namba kamili na kufuatisha baki, kinyume cha modf. Na hiki ni nini, ndugu walimu, kama si kugawanya kwa baki tulikokufundisha katika madarasa ya chini kwa kokoto na vijiti? Mara mtoto anapojua desimali tunamwambia aache kuandika baki, kana kwamba baki ni utoto. Katika programu ni kinyume: baki ndilo lililo salama.

Tuchukue mfano mkubwa zaidi, unaowahusu wazazi wa watoto wale. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho za Mtwara mwaka 2007, mkulima wa Newala hupeleka korosho zake katika chama chake cha msingi, zikapimwa, akapewa stakabadhi, na fedha zikaja baada ya mnada. Tuseme, kwa mfano tu, bei imekuwa shilingi 2,355 kwa kilo, na mkulima ana gunia lile la kilo 47.3. Kwa namba kamili: gramu 47,300 mara 2,355 ni 111,391,500. Kwa kuwa tulianza na gramu, hizi ni sehemu za elfu za shilingi. Gawanya kwa 1000: shilingi 111,391, baki 500, yaani nusu shilingi, senti 50, ile ambayo wazee huiita thumni. Sarafu za senti hazishikwi tena mkononi madukani, lakini katika vitabu vya hesabu bado zipo, na mwenye kuzitupa kwa kila stakabadhi anazitupa kwa niaba ya mtu mwingine. Kama chama kinataka kukadiria, na kikadirie mara moja, mwishoni, kwa kanuni iliyotangazwa. Programu isikate njiani bila mtu kujua.

Yupo atakayesema kwamba Python ina aina ya namba iitwayo Decimal, inayohifadhi 47.3 kama tunavyoiandika sisi. Ni kweli, na kwa kazi za benki ni chombo kizuri, mradi namba iingizwe kama maandishi, Decimal('47.3'), ukiingiza 47.3 tupu unaingiza kosa lililokwisha kufanyika. Kwa mwanachuo wa mwaka wa kwanza naona gramu na senti zinatosha.

Limebaki jambo la namba hasi, ambalo aghalabu hurukwa. Ukiitenga −2.75, sehemu kamili ni ngapi? Ukikata desimali ni −2, na kilichobaki ni −0.75. Ukishuka hadi namba kamili iliyo chini yake ni −3, na kilichobaki ni 0.25 chanya. Yote mawili ni sahihi, maana ukijumlisha vipande unarudi ulikotoka. Shida ni kwamba lugha hazikubaliani, na hata lugha moja ina amri za namna zote mbili: katika Python, int na modf hukata, lakini floor, na kugawanya kwa baki, hushuka. BASIC ya zamani ilikuwa na INT ya kushuka na FIX ya kukata. Kwa hiyo akaunti yenye deni la senti 275, ikigawanywa kwa 100 katika Python, itaonyesha shilingi −3 na senti 25, na mwenye akaunti atadhani anadaiwa shilingi tatu na robo. Katika C angeona −2 na −75. Mimi huwaambia wanachuo watenge alama kwanza, waweke neno “deni” pembeni, kisha wagawanye 275 iliyo chanya.

Walimu waliotumia vitabu vya majedwali ya tarakimu nne watakumbuka kwamba jambo hili si geni. Logi ya 0.02 ni −1.6990, lakini katika kutumia majedwali hatukuiandika hivyo; tuliandika 2 yenye kistari juu yake, kisha .3010, yaani −2 ikijumlishwa na 0.3010. Tulishuka hadi namba kamili ya chini ili desimali ibaki chanya, kwa kuwa jedwali lilikuwa na desimali chanya tu. Mwanafunzi aliyeuliza kwa nini kistari kinakaa juu ya 2 peke yake, asijibiwe ila kwa kuambiwa akariri, alikuwa akiuliza swali hilihili.

Katika kupanga somo mimi hutumia vipindi vitatu. Cha kwanza hakina kompyuta: mizani, mfuko wa mchanga au korosho, na kubadilisha kilo kuwa gramu, mpaka kosa la gramu 3 litoke kabisa. Cha pili ni cha kuzidisha kwa mbili na vyumba kumi, nacho ndicho kirefu. Mara nyingi kimenimeza vipindi viwili. Cha tatu ndicho cha programu, na hapo nawapa kwanza programu ya mwanachuo wetu, pamoja na yale magunia matano, watafute wenyewe ni yapi yatapungua kabla ya kuiendesha. Jumla sahihi ni kilo 320 gramu 700. Programu inatoa kilo 318 na gramu 2,698. Nawaambia mapema kwamba jibu la mashine litasahihishwa kwa kalamu nyekundu kama la mtu yeyote.

Nilirudi Mnyambe wiki iliyofuata kwa ukaguzi wa pili. Mwanachuo alikuwa ameiandika programu upya kwa gramu na baki, mistari minne tu. Alikuwa pia ameyakusanya madaftari ya darasa la VI. Katika lile la mtoto aliyeuliza, alama ya kosa ilikuwa imefutwa na vema imewekwa, na chini yake ameandika: “300 ni sahihi. 299 lilikuwa kosa langu.” Jirani yake bado alikuwa na gramu 3. Tulimkalisha mbele na mizani ya duka na kijiko cha mchanga, akapima gramu tatu, akacheka alipoona uchache wake, kisha akaanza kumimina kuzitafuta 300.